Kiti cha Kaluwa katika Mtumbwi wa Pili

Rafiki zangu, tangu nirudi kutoka ziwani hamjanipa nafasi hata ya kukata kucha. Mmoja anauliza nililalaje majini. Mwingine anauliza nilikula nini. Wa tatu, na mnamjua, anauliza nilijisaidiaje. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akapata chake, halafu mkikutana mnabishana kama mlikuwapo. Nimeandika yote hapa mara moja. Habari za cheti cha njia na kungoja pale bomani naziruka, maana hakuna kati yenu asiyejua kungoja bomani kulivyo.

Kwa nini nilikwenda, mnajua. Kwa asiyetujua nitasema kwa ufupi. Vita vilipotuelemea, mdogo wangu Kaluwa alikimbilia ziwani pamoja na wenzake, na askari wa Wadachi wakawakuta huko, wakawaua. Nyumba yetu ilichomwa. Nilipojenga nyingine, mama alikataa kuingia. Alisema haingii mpaka Kaluwa atangulie. Akawa analala barazani, katika baridi hii ya Songea, akikohoa, na sauti yake ikawa inapungua kila mwezi. Ziwa niliogopa, siwafichi, lakini kikohozi kile nilikiogopa zaidi.

Wazee wetu waliotoka kusini walikuja na desturi yao. Mtu akifa mbali, ndugu yake huchukua tawi la mkunazi mwitu, mti ule wenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwenzake umepinda. Hufika pale alipolala marehemu, humwita kwa jina lake na jina la baba yake, humwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo tawi ni mtu. Hupewa mahali pa kukaa, huandaliwa chakula, huambiwa hapa tunavuka mto, hapa tunapumzika. Anayelichukua hasemi na mtu mwingine mpaka mlangoni. Na marehemu akiona taabu njiani, hushuka, akabaki hapo hapo aliposhukia.

Sasa fikirini Kaluwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akilalamika mkeka ukiwa na kifundo kimoja. Nilijua kwamba nisipomstarehesha atashuka kabla hatujamaliza ghuba ya kwanza. Kwa hiyo mnaponicheka kwamba nilisafiri kama sultani, kumbukeni starehe ile haikuwa yangu.

Kuteremka Umatengo

Njia ya kwenda ziwani inapita milima ya Wamatengo, na magoti yangu ya mpagazi wa zamani yaliikumbuka vizuri. Ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia watu wakilima kwenye vishimo vyao vya shamba mlimani, nasikia majembe, nasikia mtu akipenga kamasi, lakini simwoni mtu. Nikisalimu, majembe yananyamaza yote kwa pamoja. Nikiondoka yanaanza tena. Siku zile mgeni aliyebeba mzigo aliweza kuwa yeyote, nami sikuwalaumu.

Mama mmoja tu ndiye aliyenifungulia. Alinipa maharage yasiyo na chumvi akaomba radhi, na mimi nikamwambia chumvi imekuwa hadithi hata kwetu. Aliliona tawi lililofungwa kwenye mzigo. Asubuhi nilikuta ameweka viazi viwili kando ya mzigo, na alipoona nataka kula vyote akanizuia mkono.

"Kimoja chako," alisema.

"Mama, bado sijamchukua. Ndiyo kwanza nakwenda."

"Basi azoee."

Mbamba, na mtumbwi wenye makalio mawili

Kutoka Mbamba, kijiji cha Wanyasa kando ya ziwa, hakuna njia ya miguu ya kufika kule walikosema Kaluwa aliangukia. Milima inashuka mpaka ndani ya maji, kama ukuta. Lazima chombo. Nami, mtu wa milimani, nilipoketi mara ya kwanza kwenye mtumbwi mmoja nilipinduka kabla sijashika kafi vizuri. Wanawake waliokuwa wakiosha vyungu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenye mitumbwi aliitwa Ngwira, mvuvi wa makamo, mwenye maneno mengi. Jembe nililokuja nalo lilimpendeza, akakubali kuniazima mitumbwi miwili ya zamani. Nikafanya nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mpagazi: mzigo ukikusumbua, ugawe mara mbili, uuweke kwenye mzega, ule mti wa begani, utatulia. Niliilaza mitumbwi sambamba, nikapitisha miti mitatu juu yake, nikaifunga kwa kamba za magome, katikati nikatandika ulingo wa mianzi. Nikasimamisha mlingoti mfupi, tanga likawa shuka la merikani.

"Iwe, Mngoni," Ngwira alisema akiuzunguka, "umeuozesha mtumbwi wangu mke. Sasa una makalio mawili."

"Hautapinduka."

"Hautapinduka, kweli. Lakini achimwene, hautageuka pia. Huu unakwenda unakotaka wenyewe."

Achimwene ndiyo kusema ndugu kwao. Nilidhani anatania.

Sasa sikilizeni ninyi mlioulizia starehe. Mtumbwi wa kulia ulikuwa wangu. Nilijaza nyasi kavu chini, juu nikatandaza ngozi ya mbuzi, kwa sababu maji huingia hata pasipo tundu, na mtu akikalia unyevu kutwa nzima huota vipele mahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu. Jiko lilikuwa chungu cha makaa kilichokaa juu ya mchanga, pale kwenye ulingo. Kulala, nilijinyoosha kwenye mianzi, kamba imefungwa kiunoni. Lile swali la wa tatu jibu lake ni kibuyu, na tuliache hapo.

Mtumbwi wa kushoto niliuacha wazi kwa Kaluwa. Nilimwekea kiti cha magunzi na majani ya mgomba, laini kuliko changu, na kivuli cha mkeka juu yake. Ngwira alikiangalia kile kiti, akaacha mzaha. Alisema nikirudi hatanisalimia, nisije nikadhani amenuna.

Kwenda na mwera

Upepo wa kusini huko huitwa mwera, na wakati huo wa baridi unavuma kweli. Ulinishika mgongoni ukanipeleka kaskazini bila kuniuliza. Chombo changu hakikuyumba. Kilikuwa kikipiga kofi kila wimbi, pa, pa, na mimi nimeegemea kama mtu wa heshima, nachoma muhogo. Nilianza kuona kwamba wavuvi wote wa ziwa lile ni wajinga isipokuwa mimi. Kila baada ya kitambo niliangalia kushoto, kiti kitupu, kivuli chake kinacheza, nikawa kama mtu aliyealika mgeni na mgeni amechelewa.

Nilipopita mdomo wa mto Ruhuhu, niliona moshi.

Haukuwa nchi kavu. Ulisimama katikati ya maji, nguzo ndefu nyeusi, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, zimepinda juu kama moshi wa paa la nyasi linapoanza kushika. Ninyi mliona vijiji vyetu vilivyowaka. Mnajua moshi ule ulikuwaje. Nikajiuliza wanachoma nini majini, ni nani aliyekuwa na nyumba huko. Nguzo moja ikanijia. Nilishusha tanga nikajifunika uso, nikangoja joto na harufu. Haikuja harufu. Ulikuja mnong'ono, kama watu wengi wakisema kwa pamoja nyuma ya mlango, kisha vitu vidogo vikanijaa puani, masikioni, mdomoni.

Walikuwa vijidudu. Wenyeji huwaita kungu. Huzaliwa majini, huinuka kwa wingi usioelezeka, na upepo ukiwasukuma pwani watu huwakimbilia na makapu. Nililala kijiji kimoja jioni hiyo, na wanawake walikuwa wakiwapondaponda na kuwafinyanga mikate myeusi. Walinipa mmoja. Una ladha ya samaki na ya udongo. Nilikula kwa adabu nikafikiri jinsi Kaluwa angeutema. Hakuweza hata kutazama kumbikumbi, mtu wa ajabu yule. Mwenyeji wangu alinifungia mikate kadhaa ya njiani, nami sikujua namna ya kukataa.

Ghuba

Kaburi la kijana wa watu aliyekufa vitani halina alama. Nilipelekwa na mvuvi wa huko, mtu mzima mkimya ambaye sikumjua na hakunijua, akiwa katika mtumbwi wake, mimi nikimfuata. Tuliingia kwenye ghuba nyembamba chini ya mlima. Mwera ulikuwa ukivuma nje, lakini mle ndani maji yalikuwa yamelala kama mafuta. Sikusikia ndege. Palikuwa na ufuko mdogo, na nyuma yake ardhi iliyobonyea, imeota majani mabichi kuliko ya pembeni.

"Hapa," alisema.

"Wangapi?"

"Wote. Wa kwenu waliokuja, na wa kwetu waliowaficha. Waliwekwa pamoja."

Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu akisubiri, nafikiri kwa heshima. Mimi nikatoa tawi, nikapiga magoti, nikafungua mdomo niite.

Na jina halikutoka. Mnajua tulivyoishi miaka ile. Nani kati yetu alitaja jina la mtu wake aliyepigana, mbele ya mtu asiyemjua? Jina likitajwa, linafika bomani, na likifika bomani linarudi na askari. Tulizoea kusema yule, mwenzetu, ndugu yetu. Ulimi wangu ulijifunga wenyewe, mvuvi yule akiwa hatua chache nyuma yangu. Nikasema tu, "Ndugu yangu. Inuka. Twende nyumbani."

Majani yale mabichi yalitikisika, pasipo upepo. Nikaliburuta tawi juu yake, nikahisi limeshika kitu, kisha kikaachia. Nililibeba mpaka majini nikaliweka kwenye kiti. Mtumbwi wa kushoto ulishuka, siyo kidogo. Maji yalifika karibu na ukingo, kana kwamba mtu mzima amekaa. Yule mvuvi alitazama alama ya maji, akapiga kafi akaondoka bila kuaga.

Nikamwambia msafiri wangu, "Kaa vizuri. Tunatoka ghubani." Tukatoka.

Kurudi, wawili

Kurudi kusini ni kazi. Mwera ulipopumzika asubuhi nilipiga kafi, ulipoamka nilijibanza nyuma ya mwamba nikangoja. Kutwa nzima nilikuwa nikisema naye. Hili ni jiwe, tunalikwepa. Hii ni mvua, nakuvutia mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimeweka nyasi za akiba, nimeweka hata blanketi langu upande wake.

Hakukuwa na ugomvi. Hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Mawimbi yalipokuja ubavuni, upande wake uliyapanda kwa utulivu, kama mtu anayejua kuegemea kwa wakati wake; upande wangu ndio uliorukaruka. Kaluwa hakuwahi kuketi ndani ya mtumbwi maisha yake yote.

Tena chakula. Desturi ni kwamba marehemu huandaliwa kwanza, kisha mchukuzi hula kilichobaki, na kile alichokipenda marehemu kinakuwa kimekwisha utamu. Nilimchomea usipa, vile visamaki vidogo ambavyo Kaluwa angeviiba hata kwa mama mkwe. Nilipovila vilikuwa na utamu wote. Siku iliyofuata vyakula viliniishia, nikamwekea mkate wa kungu, nikimtaka radhi. Nilipoutia mdomoni nilihisi natafuna majivu. Hakuna kitu kilichobaki ndani yake.

Nikasema moyoni, kifo kimemfundisha adabu.

Penye mdomo wa Ruhuhu palikuwa na askari. Aliniita kwa mkono wa bunduki, nikasogea. Akauliza natoka wapi, nabeba nini. Kumjibu siwezi, kutomjibu nitapigwa. Nikageukia kushoto nikasema kwa sauti, "Ndugu yangu, huyu bwana askari anauliza tunatoka wapi. Tunatoka kaskazini, tunakwenda nyumbani, hatuna silaha."

"Unasema na nani?"

"Ndugu yangu, bwana askari anauliza nasema na nani."

Aliingia majini kwa hasira akainua mguu aingie mtumbwi wa kushoto. Mguu ukabaki juu. Alitazama kile kiti, alitazama maji yalivyofika ukingoni, kisha akaushusha mguu polepole, nje, kama mtu aliyekaribia kumkanyaga mtoto aliyelala.

"Pitini," alisema. Hakusema pita.

Baada ya hapo chombo kilianza kunishinda. Kila nikielekeza pua kusini, yenyewe ikageuka kushoto, kuelekea nchi kavu. Upepo hapakuwa. Nilikumbuka Ngwira na utani wake. Nilipiga kafi mpaka mikono ikawaka, tukawa tunakwenda upande upande kama kaa, mpaka tukaingia mbele ya kijiji kidogo chenye minyaa na vichanja vya kuanikia samaki.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama hewani. Aliuweka chini, akaja hadi ukingoni, akaingia majini na nguo zake mpaka magotini. Hakunitazama mimi hata kidogo.

"Mmefika?" aliuliza.

Alikipigia makofi kile kiti, taratibu, viganja vimepinda, vile wanavyosalimiana watu wa huko. Mtumbwi wa kushoto ukawa mzito sana, nikadhani umepasuka. Nikasema, "Ndugu yangu, si hapa. Kwetu bado. Mama anakungoja." Nikarudisha chombo nyuma kwa nguvu zangu zote. Yule mwanamke hakuita tena. Alibaki amesimama majini, mikono imekutana, nasi tukazidi kwenda, na kila nilipogeuka alikuwa bado pale. Njia yote iliyobaki msafiri wangu hakunipa taabu. Alikaa tu, na kukaa kwake kulinitia huzuni nisiyoijua sababu yake.

Mbamba, Ngwira alinipokea kimya kama alivyoahidi. Aliweka bakuli mbili, akageuza uso.

Mlangoni

Nilipanda milima nimelibeba tawi mgongoni, nimelifunika kwa blanketi. Mama wa Umatengo aliniona kwa mbali akaweka viazi viwili juu ya jiwe. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa barazani, amekonda kuliko nilivyomwacha, lakini alikuwa ameoga na kujifunga nguo safi. Nani alimwambia ni siku ile, sijui.

Nikasema, "Ndugu yangu, hapa ndipo nyumbani. Ingia."

Nilipolipitisha tawi mlangoni, miiba iliyopinda ilishika nguzo. Nikaitoa, ikashika tena. Nikajaribu kuingia kinyumenyume, ikashika nyasi za paa. Jasho lilinitoka. Mama alikuwa akitazama. Kisha akanyoosha mikono, akalipokea tawi, akalilaza mapajani, akalishika kwa viganja kama mtu anayempapasa mtoto aliyeamka na homa.

"Huyu anaona haya," alisema. "Kaluwa tangu lini akaona haya nyumbani kwake?"

Nikaketi karibu yake.

"Ulimwita nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza mvuvi aliyesimama nyuma yangu, na ulimi ulivyojifunga, na neno lililotoka. Nikafika kwenye mikate ya kungu, na kijiji chenye minyaa, na mwanamke aliyesimama majini. Hapo nilishindwa kuendelea, nikalia mbele ya mama yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa nimekwenda kote kule nikamnyang'anya mwenzake mwana mlangoni pake.

Nilingoja anilaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Njiani alikaa vizuri?"

"Alikaa vizuri, mama. Alikuwa na kivuli na blanketi. Kiti chake kilikuwa laini kuliko changu."

"Basi," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko nilivyoisikia mwaka mzima. "Na wangu naye, mtu akimchukua kwa kukosea, atamkalisha vizuri."

Akainuka na tawi mkononi, akaliambia, "Karibu, mwanangu, karibu ndani, usiogope." Lilipita mlangoni bila kugusa popote. Naye akaingia nyuma yake. Nilimwambia, mama, ulisema hutaingia mpaka Kaluwa. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili.

"Nitamwachaje mgeni peke yake ndani?"

Amelala ndani tangu siku hiyo, kando ya mgeni wake, na kikohozi kimepungua. Mchana namsikia akimweleza habari za kwetu, nani kajenga, nani kahama. Na sasa mnajua kwa nini mnaniona nasokota kamba mpya za magome. Mwera ukitulia nitamrudisha yule mtu kwa mama yake, kisha nitaendelea mpaka ghubani. Mama amenishonea mito miwili ya kiti cha kushoto, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Na nikipiga magoti pale, hata kama askari wa boma lote watakuwa wamesimama nyuma yangu, nitaita kwa sauti: Kaluwa, mwana wa Lihwa.